Kuufuata Waya wa Simu kutoka Shangani hadi Kizingo

Wasafiri wengi wamezifuata njia za kale za pwani yetu: wako walioifuata njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, wako walioifuata reli kutoka Kilindini hadi Kisumu, na wako waliopanda majahazi wakaifuata njia ya Maskati na Lamu kwa upepo wa kaskazi. Lakini iko njia moja ambayo kwa rai yangu ilibadili mambo ya nchi hizi kuliko nyingi kati ya hizo, nayo haina msafiri anayeitaja, kwa kuwa haionekani kwa macho: ni njia ya waya wa simu uliolazwa chini ya bahari katika robo ya mwisho ya karne ya kumi na tisa. Hiyo ndiyo niliyoazimia kuifuata. Nilianzia Unguja, mahali waya huo ulipotua kwanza katika pwani ya Waswahili, na mwisho wa safari yangu niliuweka Kizingo, kwenye ncha ya kisiwa cha Mombasa, mahali ambapo mtu akisimama huiona bahari kuu na mlango wa Kilindini kwa pamoja.

Pale Shangani, kando ya bahari, lipo jengo la ghorofa ambalo wazee wa mji walilijua kwa jina la Extelcoms, na ambalo lilikuwa makao ya kampuni ya simu ya Waingereza kabla ya kugeuzwa hoteli. Nilisimama barazani nikaitazama bahari ya upande wa magharibi, na mbele yangu, nyuma ya mashua za wavuvi na vyombo vya watalii, kilionekana kisiwa cha Bawe, kijani juu na cheupe chini. Kisiwa hicho Sayyid Barghash bin Said, Sultani wa Unguja, aliwapa watu wa kampuni ya Eastern and South African Telegraph katika mwaka 1879 ili wakifanye kituo cha waya wao. Alasiri ya siku hiyo nilimwomba nahodha wa mashua anipitishe karibu nacho, naye akapunguza mwendo wa mashine tukaenda polepole juu ya maji maangavu, hata matumbawe na majani ya bahari yakaonekana chini yetu. Waya wenyewe sikuuona, wala sikuutarajia. Lakini ilinipa faraja kujua kwamba napita juu ya njia yake.

Waya huo ulitoka Aden, ukafika Unguja, ukaendelea Msumbiji na Ghuba ya Delagoa hadi Durban, na kazi yote ikatimia kabla ya mwaka 1879 kwisha. Aden yenyewe ilikuwa imeunganishwa na Suez na Bombay tangu mwaka 1870, na kutoka Suez habari zilikwenda Iskandaria, Malta, Gibraltar na Lisbon mpaka Porthcurno, kijiji cha pwani kusini-magharibi mwa Uingereza. Mwenye shughuli hizo alikuwa John Pender, mfanyabiashara wa nguo aliyetajirika Manchester, kisha akaziunganisha kampuni kadhaa za nyaya za baharini mpaka akawa hana mshindani wa kumkaribia. Habari iliyokuwa ikisafiri kwa meli kwa wiki kadhaa sasa iliweza kutoka London na kufika Unguja kabla jua halijazama mara ya pili.

Ni haki tuulize waya huo uliletwa kwa ajili ya nani, maana baadhi ya vitabu husimulia habari hii kana kwamba ilikuwa zawadi ya ustaarabu iliyotolewa kwa watu wote sawasawa. Tarehe 22 Januari 1879 majeshi ya Mfalme Cetshwayo wa Wazulu yaliwashinda Waingereza huko Isandlwana, na khabari ya msiba huo haikufika London mpaka tarehe 11 Februari, kwa kuwa Afrika ya Kusini haikuwa na waya wa kuiunganisha na Ulaya. Mawaziri wa Malkia Victoria walitambua kwamba kwa muda wa wiki tatu walikuwa wakitawala nchi ambayo hawakujua kama jeshi lao lingali hai. Mipango ya waya ilikuwapo kabla ya hapo, lakini kushindwa kule ndiko kulikoiharakisha na kufungua mifuko ya serikali. Kwa hivyo waya ulipita Unguja ukielekea kwingine, na ulivutwa na hofu ya vita.

Ili kuelewa jambo lililoingia katika maisha ya watu wetu siku ile, inafaa tukumbuke khabari zilikuwa zikienda vipi hapo kabla. Ndani ya mji mbiu ya mgambo ilitosha, na kila mtu alijua kwamba ikilia ina jambo. Ng'ambo ya bandari ya kale ya Mombasa, wamishionari waliwaweka watumwa waliokombolewa katika mtaa wa Frere Town kuanzia miaka ya 1870, na kengele ya kuwaonya wakazi juu ya hatari ndiyo iliyoupa mtaa wa Kengeleni jina lake. Baina ya mji na mji barua zilichukuliwa na majahazi, nayo majahazi yalitii kusi na kaskazi, hata mwenye barua ya Maskati aliyeukosa upepo wa msimu alingoja msimu mwingine. Meli za barua za kampuni ya British India zilipoanza safari za kila mwezi baina ya Aden na Unguja katika mwaka 1872, watu waliona ya kuwa dunia imeharakishwa mno.

Mfano ulio wazi zaidi nilioupata katika tafakuri yangu ni wa vifo viwili vya watawala, ambavyo baina yake ipo miaka arobaini. Sayyid Said bin Sultan alifariki baharini mwezi wa Oktoba 1856, karibu na visiwa vya Shelisheli, akiwa njiani kutoka Maskati kuja Unguja. Merikebu iliyokuwa na maiti yake ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa na habari ya kifo chake, na Barghash, mwanawe aliyekuwamo, alijaribu kuutwaa utawala kabla mji haujajua, ingawa hakufaulu. Mauti ya mfalme mkubwa kuliko wote wa pwani hii yalikuwa siri ya watu waliomo chomboni, mpaka chombo kilipotia nanga.

Sasa tuutazame mwaka 1896. Sayyid Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25 Agosti, na siku hiyo hiyo Sayyid Khalid bin Barghash akaingia katika jumba la kifalme pamoja na askari wake, akajitangaza kuwa mtawala pasipo ridhaa ya Waingereza. Basil Cave, aliyekuwa akishika kazi ya ubalozi wa Kiingereza, alipeleka simu London kuuliza kama ana ruhusa ya kulipiga jumba kwa mizinga ya manowari iwapo njia za amani zitashindikana. Na siku ya pili jawabu la Lord Salisbury, waziri mkuu wa Uingereza, likafika kwamba achukue hatua yoyote aionayo ni ya lazima, naye ataungwa mkono. Asubuhi ya tarehe 27, saa tatu ilipopita kidogo, mizinga ikaanza. Kwa muda wa takriban dakika 40 majumba ya kifalme yakavunjwa na kuungua, merikebu ya Sultani iitwayo Glasgow ikazama bandarini, na watu wa upande wa Khalid waliouawa na kujeruhiwa wakafika kadiri ya mia tano.

Nilipokuwa nikitembea kutoka Shangani hadi Forodhani, mwendo ambao mtu hauhesabu kuwa ni safari, nilitambua jinsi jengo la simu lilivyokuwa karibu na jumba lililopigwa. Ofisi ya waya na mahali pa mizinga ni mtaa mmoja. Swali likaulizwa hapa, likaenda Uingereza kwa kupitia Aden, Suez na Malta, jawabu likarudi kwa njia hiyo hiyo, likatekelezwa hapa hapa. Na watu waliokufa kwa jawabu lile hawakuwa na neno lao hata moja ndani ya waya.

Nisije nikafahamika vibaya, nikadhaniwa nasema kwamba watu wetu walikuwa mabubu mbele ya chombo hiki. Sayyid Barghash alikuwa mtu mwenye kupenda mambo mapya, na thamani ya simu aliijua upesi. Katika mwaka 1885, Wajerumani walipotangaza himaya yao juu ya nchi ambazo Carl Peters alijidai kuzipata kwa mikataba ya masultani wadogo wa bara, Barghash hakungoja meli ya barua. Mwezi wa Aprili alipeleka simu ya kupinga moja kwa moja kwa Mfalme wa Ujerumani. Huyu ni mtawala wa Kiafrika na Mwarabu wa Unguja, anamkabili mfalme wa Ulaya kwa njia ile ile ya Ulaya, kwa kasi ile ile, na kwa daawa iliyo wazi. Lakini waya huo huo uliochukua malalamiko yake ndio uliomletea John Kirk, balozi wa Uingereza na rafiki wa Barghash wa miaka mingi, amri za serikali yake kwamba asiwazuie Wajerumani. Mwezi wa Agosti manowari za Kijerumani zikajipanga mbele ya jumba lake, naye akalazimika kukubali.

Hapo ndipo nilipoanza kuliona jambo ambalo safari hii ilinifundisha. Kabla ya waya, umbali ulikuwa ni ngao ya mnyonge. Mwaka 1873, Sir Bartle Frere alipokuja na mkataba wa kufunga soko la watumwa, Barghash aliweza kukataa, akajadiliana, akangoja, akatazama upepo wa siasa unaelekea wapi, na hakutia sahihi mpaka tarehe 5 Juni, alipotishwa kwamba bandari yake itazingirwa. Mkataba ule ulikuwa wa haki na biashara ile ilistahili kukomeshwa zamani, hilo halina shaka. Ninachokitaja ni ule wasaa. Balozi alikuwa na wasaa wa kutumia akili yake, na Sultani alikuwa na wasaa wa kutumia yake. Waya ulipofika, wasaa ukaondoka, na maamuzi yakahama kutoka kwa watu waliojuana kwa nyuso, yakaenda kwa watu waliokuwa na ramani.

Kutoka Unguja nilivuka kwa meli hadi Dar es Salaam, ambako waya mwingine ulifika mwaka 1890 kwa kupitia Bagamoyo kwa ajili ya utawala wa Wajerumani, na ambako Sayyid Khalid alipelekwa kwa njia ya bahari baada ya kukimbilia katika ubalozi wa Kijerumani. Kisha nikapanda basi la kwenda kaskazini. Njia ya Chalinze na Segera niliipita upesi, na Tanga sikukaa, kwa kuwa moyo wangu ulikuwa mbele. Lakini baada ya kuvuka mpaka wa Horohoro na Lunga Lunga, basi lilipokuwa likipita kati ya minazi na mashamba ya mikorosho, nilimwomba utingo anionyeshe njia ya kuingilia Gazi. "Hiyo hapo, mzee," akasema, akinyoosha mkono upande wa bahari, "lakini hapa hatusimami." Nikatosheka na kutazama.

Gazi ulikuwa mji wa Sheikh Mbaruk bin Rashid Al-Mazrui, ambaye kwa miaka mingi aliwasumbua masultani wa Unguja, naye Waingereza walipoichukua pwani hii na kuitangazia himaya yao tarehe 1 Julai 1895, alisimama pamoja na baadhi ya jamaa zake kuwapinga. Vita vile viliendelea mpaka mwaka uliofuata. Katika zama za kabla ya waya, mtu kama Mbaruk aliijua hesabu yake: akirudi msituni na kungoja, adui huchoka, huishiwa na askari, na barua ya kuomba msaada huchukua msimu mzima. Lakini safari hii Mombasa ilikuwa imekwisha kuunganishwa na Unguja kwa waya, na askari wakaitwa kutoka Bara Hindi, wakashuka wakiwa na silaha zao. Mwezi wa Aprili 1896 Mbaruk akavuka mpaka, akajisalimisha kwa Wajerumani, akamaliza umri wake Dar es Salaam. Hakuwa amepungukiwa na ushujaa. Hesabu yake ya kale ndiyo iliyoharibika.

Tulifika Likoni jioni, tukashuka na kuingia kwenye feri pamoja na umati wa watu wanaorudi makwao na wengine wanaokwenda kazi za usiku, na katikati ya mlango wa Kilindini nikauona upande wa kulia mwambao wa kisiwa wenye mibuyu mikubwa, unaoelekea Kizingo. Usiku huo nililala Mji wa Kale, na asubuhi nilikwenda kumtembelea mzee mmoja ambaye aliwahi kufanya kazi za bandarini, na ambaye niliambiwa kwamba anacho kipande cha waya wa zamani kilichonaswa na nyavu za wavuvi.

"Salaam aleikum, sheikh," nilibisha mlangoni.

"Wa aleikum salaam. Ndoo, mwanangu, karibu uketi. Wewe ndiye wa waya?"

Aliinuka taratibu akaleta kitu kilichofungwa katika gunia, urefu wake kama mkono wa mtu mzima, akaniwekea magotini. "Shika uone uzito wake," akasema. Kilikuwa kizito kuliko nilivyodhani. Nje palikuwa na nyaya za chuma zilizosokotwa, zimeliwa na kutu na kufunikwa na chaza wadogo. Chini yake yalibaki mabaki ya nyuzi za katani zilizopakwa lami, meusi na yenye kunuka bado. Ndani zaidi palikuwa na gamba jeusi laini, na katikati kabisa, pale alipopakwangua kwa kisu, pakang'ara shaba nyembamba kama utambi wa taa.

Gamba lile jeusi linastahili kuelezwa. Ni utomvu wa miti ya Malaya na visiwa vya jirani, uitwao gutapecha, ambao ukiwekwa katika maji ya bahari yenye baridi hauozi wala hauruhusu umeme kuvuja. Na bila ya huo hapangekuwa na waya wowote wa baharini katika karne ile. Kwa ajili yake miti iliangushwa kwa wingi, kwani wakataji hawakuwa na subira ya kuigema, hata ikakaribia kwisha katika sehemu nyingi. Kwa hivyo hata kabla ya neno moja kupita, waya ulikwisha kuunganisha koloni na koloni kwa njia nyingine: msitu wa Malaya ulikuwa umelala chini ya bahari ya Unguja. Karibu na pwani, penye mawimbi na miamba na nanga za vyombo, waya ulifanywa mnene kwa chuma kingi, na kilindini, ambako hakuna kinachotikisika, ukafanywa mwembamba.

Umeme uliofika mwisho wa waya mrefu ulikuwa dhaifu mno, usioweza kugonga hata kengele. Kwa sababu hiyo makarani wa vituo walitumia chombo kilichobuniwa na William Thomson, ambaye baadaye alikuwa Lord Kelvin: kijiti cha kioo chenye tundu jembamba kama unywele, kilichotiririsha wino juu ya utepe wa karatasi unaokwenda, na mstari ule wa wino ulipinda juu na chini kwa kadiri ya mapigo ya umeme. Karani aliusoma mstari uliopindapinda kama mtu asomavyo herufi, akauandika, kisha akaupeleka mbele kwa mkono wake hadi kituo kinachofuata. Na kwa kuwa kila neno lililipiwa ghali, wafanyabiashara walitumia vitabu vya maneno ya siri, kama vile kile kilichoitwa ABC Code kilichotolewa mwaka 1873, ambamo neno moja lilisimama mahali pa sentensi nzima juu ya bei, mizigo na meli. Bei ya karafuu na pembe iliyokuwa ikitengenezwa barazani kwa kupeana mikono sasa ilitoka London na Bombay ikiwa imekwisha kukatwa.

Nilimuuliza mzee kama alipata kuona simu za maandishi zikiletwa mjini. "Nimeziona sana," akanijibu. "Akija mtu wa posta na baiskeli, mtaa mzima wanyamaza. Wanawake wakaanza kulia kabla haijafunguliwa. Simu haikuwa ya kuulizana hali, mwanangu; simu ilikuwa ni ya msiba." Akakifunga kipande chake tena katika gunia, akakirudisha chini ya kitanda.

Kutoka kwake nilishika Ndia Kuu, nikapita Ngome ya Yesu na majengo ya serikali ya kale yaliyo karibu nayo, mahali ambapo kampuni ya Imperial British East Africa na baadaye utawala wa himaya viliweka ofisi zao. Hapa waya wa baharini ulikutana na waya wa nchi kavu, kwani reli ya Uganda ilipoanza kujengwa mwaka 1896, nguzo za simu zilikwenda sambamba nayo, na ilipofika Kisumu mwezi wa Desemba 1901, sauti ya Mombasa ilikwisha kufika ziwani. Wanandi, ambao nchi yao ilipitiwa, waliutwaa waya wa shaba mara kwa mara wakajifanyia mapambo na vyombo. Waingereza wakauita wizi, wakaleta majeshi, na mwezi wa Oktoba 1905 wakamuua kiongozi wao, Koitalel arap Samoei. Mimi naona katika kukatwa kwa nyaya zile hukumu iliyo wazi: watu walioipima faida ya simu kwao wenyewe waliikuta katika shaba yake, kwa kuwa katika maneno yake hawakuwa na fungu.

Nilifika Kizingo wakati wa alasiri. Mahali pale, panapoitwa na watu wa Mombasa Lighthouse kwa ajili ya mnara wa taa ulioko Ras Serani, palikuwa pamejaa watu waliotoka kupunga upepo: wauza madafu, wakaangaji wa muhogo wanaounyunyizia pilipili na ndimu, watoto wanaokimbizana, na vijana waliokaa ukutani, kila mmoja na simu yake mkononi, huyu akizungumza na ndugu yake aliyeko Jeddah, yule akitazama mpira unaochezwa Ulaya. Mbele yao meli ya makontena ilikuwa ikiingia taratibu, karibu kiasi cha kuweza kusoma jina lake.

Ukisimama hapa na kutazama mashariki, mbele yako, mbali nyuma ya upeo wa macho, viko visiwa vya Shelisheli. Mwaka 1893 waya ulitolewa Unguja hadi Shelisheli na Morisi, na vitabu vya Waingereza vilijisifu kwamba sasa hata visiwa vya mbali kabisa vimekaribishwa. Lakini hebu tutazame vilikaribishwa kwa nani. Mwaka 1901 walipelekwa Shelisheli Kabaka Mwanga wa Buganda na Mukama Kabalega wa Bunyoro, ambao waliwahi kuzitikisa nchi za maziwa; walipelekwa huko kwa sababu visiwa vile vilikuwa mbali, mbali na watu wao, na lugha zao, na makaburi ya wazee wao. Mwanga alifia huko mwaka 1903. Kabalega aliruhusiwa kurudi akiwa mzee, akafariki Jinja mwaka 1923 kabla ya kufika kwao. Kisiwa kimoja kilikuwa karibu na London kwa mwendo wa saa chache, na kilikuwa mbali na Bunyoro kwa mwendo wa umri mzima. Hii ndiyo siri ya telegrafu katika makoloni: umbali haukufutwa, bali uligawanywa upya, ukaribu akapewa mtawala na umbali akaachiwa mtawaliwa.

Sayyid Khalid naye alionja kugawanywa huko. Waingereza walimkamata katika vita vya 1914 hadi 1918 walipoitwaa Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, wakampeleka St Helena na Shelisheli, kisha baada ya miaka wakamruhusu arudi pwani, si Unguja bali hapa Mombasa, na hapa ndipo alipofariki mwaka 1927. Mtu aliyepoteza kiti chake kwa simu mbili, moja ya kuuliza na moja ya kujibu, alimalizia aushi yake katika kisiwa ambacho waya wake ulikwenda moja kwa moja hadi mji wa baba yake.

Nayasimulia haya nikijua kwamba waya haukukoma. Mwezi wa Juni 2009 mkongo wa TEAMS, uliowekwa na serikali ya Kenya pamoja na kampuni za Kenya na Etisalat ya Imarati, ulitua Mombasa ukitoka Fujairah, katika njia ile ile ya majahazi ya kaskazi. Mwezi uliofuata ukafunguliwa mkongo wa SEACOM, na baadaye ikafuata mingine. Nafurahi kwa dhati kwamba safari hii baadhi ya wenye mali ni sisi wenyewe, na kwamba kijana wa ukutani pale Kizingo anaweza kujibu anapoambiwa, jambo ambalo babu yake hakuweza. Hata hivyo, mwezi wa Februari 2012 meli iliyokuwa ikingoja kuingia bandarini ilitia nanga mahali palipokatazwa, mkongo wa TEAMS ukakatika. Na mwezi wa Mei 2024, mikongo miwili ilipokatika baharini, nchi nyingi za Afrika ya Mashariki zikadhoofika kwa mawasiliano, na meli ya kuitengeneza, Léon Thévenin, kituo chake ni Cape Town.

Kwa hivyo mwisho wa njia niliyoifuata nasema haya. Makumbusho ya Ngome ya Yesu yana mizinga na vyungu vya Wareno; yastahili yawe pia na chumba cha waya, chenye kipande kama kile nilichokipakata magotini, ili mwanafunzi wa Mombasa ajue kwamba himaya haikuja kwa bunduki peke yake. Na vyuo vyetu vya pwani, kutoka Mombasa hadi Unguja, viwafunze vijana ubaharia na ufundi wa mikongo hii, na serikali zetu zishirikiane kuwa na chombo chao cha kuitengeneza katika bahari yao. Barghash aliweza kupeleka neno lake, lakini hakuwa na waya. Sisi tunayo sehemu ya waya, na wajibu wetu ni kuwa na watu wanaojua kuushika.